Mwizi Mmoja wa Shamba Zima

Kabla hujamcheka mulamu wangu, Katana wa Ruwa, ujue kwanza kwamba alifungwa kwa ajili yangu. Mulamu kwetu ni shemeji. Katana alimwoa dada yangu Kafedha, wakajenga pale Mtopanga katika shamba la minazi la Bi Mwanabibi, hatua chache kutoka nyumbani kwangu. Alikuwa mgema. Mtu wa mikono mirefu na maneno machache, mwenye kisu cha kugemea ambacho hakumwazima yeyote, hata mkewe akitaka kukatia mchicha.

Mwaka wa 1943 nilikuwa naposa. Wakwe zangu walikuwa Wakristo wa kubatizwa, mzee mwenyewe hakosi ibada, lakini Ukristo wao ulikuwa bado haujafika kwenye mahari. Bila tembo la mnazi hakuna mke. Walitaka vibuyu viwili, nikapeleka viwili. Mara akatokea mjomba mmoja kutoka Utange, akasema yeye hajaonja, na kama yeye hajaonja basi hakuna aliyeoa. Katana alikuwa na kibali cha serikali cha kugema minazi miwili. Kwa ajili ya mjomba huyo akapanda wa tatu.

Askari alimkuta juu. Katana akaona hakuna haja ya kushuka, akakaa huko huko kwenye makuti toka asubuhi mpaka adhuhuri, yeye juu, askari chini, kila mmoja anangoja mwenzake aone njaa kwanza. Hakushushwa na woga. Askari alichoka, akakivuta kibuyu kilichokwisha kushushwa, akaanza kuonja kidogo kidogo, na Katana kule juu akaona haki ya mjomba inakwisha. “Afande, hicho cha mahari!” akapiga kelele, akateremka mbio. Akapewa miezi miwili Ngomeni, ile ngome ya kale iliyokuwa jela. Mimi nikaoa.

Sasa tazama mambo ya sheria yalivyo. Kwa serikali kosa lilikuwa mnazi wa tatu tu. Ule wa kwanza na wa pili ilikuwa halali kabisa, ingawa tembo lake lilikuwa tembo lile lile. Kwa mwalimu Justus, aliyekuwa akituongoza kanisani, yote mitatu ilikuwa dhambi, kibali au pasipo kibali. Kwa wazee wetu kosa lingekuwa kukataa kugema na kuuaibisha ukoo mbele ya wakwe. Kila mwenye sheria alikuwa na kosa lake, na Katana maskini alikuwa na mwili mmoja tu wa kuwatumikia wote.

Alipotoka watu walimpokea vizuri, wakampa maji, wakamuuliza chakula cha Ngomeni. Wiki ya pili wakaanza kuulizana. Hivi alifungwa kwa nini? Si kwa minazi? Minazi ya nani? Kabla mwezi haujaandama, kugema kulikuwa kumegeuka kuiba, na Katana wa Ruwa alikuwa amekuwa Katana Ngome. Jina alipewa kwa mzaha. Jina la mzaha ndilo baya, kwa sababu hakuna anayeona haya kulitamka.

Tangu hapo kitu hakikupotea tena Mtopanga bila kuwa na mwenyewe. Kuku, ndoo, kamba ya mbuzi, vyote ni Katana. Bibi Jumwa, jirani yetu mkongwe, alipoteza ungo akamtangaza Katana siku nne. Siku ya tano akauona uvunguni mwa kitanda chake mwenyewe. Alisema nini? Alisema Katana ameurudisha kwa woga.

Utaniuliza, nawe Masha, kakake Kafedha, ulisema nini? Sikusema kitu. Nilikuwa na sababu yangu, na sababu yenyewe ni ya aibu, lakini nimezeeka na hakuna wa kunifunga, kwa hiyo nitaitoa.

Nazi za Bi Mwanabibi tulikuwa tukizila. Si mimi peke yangu, shamba zima. Tuliishi kwenye ardhi yake kwa ruhusa, tukilipa ijara ya mwaka, na sharti lilikuwa moja: nyumba ni zenu, nazi ni zangu, hata iliyoanguka. Tulianza na zilizoanguka. Tukaendelea na zile zilizokuwa karibu kuanguka. Baadaye kila nyumba ilikuwa na upembo mrefu nyuma ya mlango, wa kusaidia zile zenye uvivu wa kuanguka. Hakuna aliyejiita mwizi. Mwizi tulikuwa naye tayari.

Taabu ilikuwa makumbi, yale maganda ya nje yenye nyuzi. Nazi utaila, utaitia kwenye wali, itakwisha, lakini kumbi lake litakaa uani kwako likikushitaki. Jaa la Katana lilikuwa nyuma ya nyumba yake, kando ya njia ya kisimani. Basi mtu akienda kuteka maji, kikapuni ana makumbi mawili chini ya kanga, akirudi hana. Mke wangu Agneta alipeleka, mimi nilipeleka. Tuliona hakuna ubaya. Mtu jina lake limekwisha haribika, makumbi mawili yatamzidishia nini? Kila asubuhi Katana alikuta jaa limekua, naye akachukua jembe akafukia.

Mwaka wa 1946, vita vimekwisha na nazi zina bei nzuri, Bi Mwanabibi akaja shambani na mwavuli wake mweusi. Minazi mitatu ya karibu na kisima ilikuwa imeanguliwa yote, haina hata kidaka. Tulikuwa tumesahau kwamba na yeye ana macho. Katana akamwamkia, “Shikamoo, Bi,” na shikamoo yake haikupata marahaba. Hapo tukajua. Bibi akapita moja kwa moja mpaka jaani, akachokoa kwa ncha ya mwavuli. Kumbi moja, mbili, tano.

“Katana.”

“Labeka, Bi.”

“Makumbi haya ni ya nani?”

“Siyajui, Bi.”

“Huyajui! Yamekuya yenyewe? Yana miguu? Wallahi, Katana, mimi mato ninayo. Nakupa hadi Ijumaa. Usiponionyesha mwivi mwengine, uivunde nyumba yako uondoke tini ya minazi yangu.”

Ilikuwa Jumatatu. Katana alikuwa na watoto watatu na nyumba ya udongo aliyoijenga kwa mikono yake, akaiezeka makuti mapya mwaka ule ule. Na nani mwenye shamba, kuanzia Kisauni mpaka Utange, angempa kiwanja mtu anayeitwa Ngome? Kafedha alikuja kwangu akasimama mlangoni, akasema, “Kaka, tutakwenda wapi?” Mimi nikamwambia asali. Hilo ndilo shauri nililompa dada yangu.

Katana hakuomba wala hakulia. Jioni ile ile alikwenda kwa wazee akasema anataka kiraho cha papai.

Kwa asiyejua: papai bichi hukatwa vipande, mwenye kiraho huvipaka dawa na kuvisemea maneno, kisha mtu hula. Asiye na kosa amekula papai. Mwenye kosa mdomo utafura, ulimi utajaa, na watu wataona. Serikali ilikuwa imekataza mambo hayo, mtu aweza kufungwa, na kanisa lilikuwa limeyakataza kabla ya serikali. Kwa hiyo ili tumpate mvunja sheria mmoja ilitubidi sote tuvunje sheria mbili, na hakuna aliyeona tabu. Wazee walimwuliza Katana haogopi?

“Serikali ilinitia doa kwa karatasi,” akasema, “na karatasi siwezi kuila mbele ya watu. Nileteeni kitu ninachoweza kula.”

Alhamisi alasiri akafika mzee Lewa, mwenye kiraho, kutoka Mishomoroni. Mimi nilitazamia mtu wa manyoya na njuga. Alikuja kwa baiskeli, amevaa koti, papai liko kwenye kikapu cha mbele pamoja na samaki wa chakula chake. Akaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa Katana, akauliza kama kuna mbwa, akakaa.

Shamba zima lilikuwepo. Bi Mwanabibi juu ya kiti tulichomwazimia. Bibi Jumwa mbele kabisa, ili aone vizuri. Kioko, Mkamba aliyekuwa mchukuzi wa bandarini na mpangaji wa chumba kwangu, alikuwa ametoka kazini na vumbi la saruji kichwani. Mwalimu Justus alisema amekuja kushuhudia ushenzi ili aweze kuuhubiria vizuri Jumapili; lakini alikuwa amebeba kigoda chake kutoka nyumbani.

Lewa akakata papai. Utomvu ukatiririka mweupe. Katana akachukua kipande akatafuna. Tukamkodolea mdomo watu arobaini, na Kafedha pembeni yake amemshika kifundo cha mkono kama anayempima homa.

Sasa papai bichi, dawa au si dawa, lina utomvu, na utomvu unawasha. Kila mtoto wa pwani anajua. Nikaona mdomo wa juu wa Katana unacheza. Ulikuwa unamwasha! Na akijikuna amekwisha. Watu watasema umeanza kufura. Jasho likamtoka. Pua ikapanda ikashuka. Bibi Jumwa akanyanyuka nusu, amejaa matumaini. Katana akameza, akavuta pumzi, akamtazama Lewa.

“Halijaiva,” akasema. “Lakini nipe kipande kingine. Sijala tangu asubuhi.”

Akala cha pili. Lewa akamwinua kichwa, akamwamuru atoe ulimi, akaushika kwa vidole viwili na kuutazama juu na chini kama anunuaye ng'ombe. Ulimi ulikuwa ulimi. Nilisikia Kafedha akitoa pumzi, na mimi, haki ya Mulungu, nilifurahi. Furaha yangu ilidumu kiasi cha mtu kupiga chafya.

“Haya,” Lewa akasema, akipangusa kisu. “Anayefuata.”

Tukatazamana.

“Anayefuata wapi?” Bibi Jumwa akauliza. “Mshukiwa si ni huyo?”

“Mama, akila mtu mmoja hicho ni chakula, si kiraho. Kila alalaye chini ya minazi hii ataonja. Nianze na wewe?”

“Mimi sina meno, mwanangu.”

“Nitakukunia.”

Bibi Jumwa akakumbuka kwamba ana tumbo. Tumbo lenyewe, alisema, limemshika tangu mwaka wa njaa, na mganga wa Kaloleni alimkataza tunda lolote. Lewa akamgeukia Kioko.

“Mimi si mtu ya hapa,” Kioko akasema, mikono juu. “Mimi ni mtu ya Machakos. Hiyo paipai yenu haijui mimi. Inaweza kukosea.”

“Haikosei.”

“Hiyo ndiyo inanitisha.”

Lewa hakucheka. Akamfikia mwalimu Justus, naye akasimama wima, Biblia mkononi, ili tuone kwamba anazungumza kwa niaba ya mbingu. Alisema yeye ni mtumishi wa kanisa, hawezi kutia kinywani kitu kilichosemewa maneno ya giza. Vizuri, Lewa akamwambia, papai uliache. Weka tu mkono juu ya kitabu chako hicho useme hujapata kula nazi ya shamba hili. Justus akakitazama kitabu. Akasema imeandikwa tusiape kabisa. Akakaa. Kigoda kikalia.

Sasa ikawa zamu yangu, na mimi nilikuwa nimekwisha jitayarisha. Nilikuwa nimeshika shavu tangu zamu ya Kioko.

“Jino,” nikasema.

Lewa akanisogezea kipande. Kafedha ndiye aliyesema, taratibu, mbele ya watu wote, “Kaka, jino lako lilikuwa kushoto sasa hivi.”

Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa kulia. Sijui ulihamaje.

Basi wakaenda hivyo, mmoja baada ya mmoja. Yule ananyonyesha. Yule ana nadhiri. Yule amekumbuka ng'ombe wake, naye hana hata mbuzi. Watu ambao kwa miaka mitatu walikuwa na hakika ni nani mwizi, leo hawakuwa na hakika hata na midomo yao. Papai likabaki juu ya jani la mgomba na vipande vyake thelathini na kitu, inzi wakila kiraho badala yetu bila kufura.

Bi Mwanabibi akapigapiga mwavuli chini. “Subhanallah! Nimekuya yeo kumtafuta mwivi mmoya, mwanionyesha shamba zima?”

“Bado wewe, Bi,” Lewa akasema kwa adabu.

“Mimi! Mimi mwenye nazi?”

“Yuko mwenye mali ajiibiaye, Bi. Kiraho hakimruki mtu.”

Bibi akajikusanya kanga. “Mimi yeo nimefunga,” akasema. “Alhamisi hufunga sunna.” Na kweli watu wake hufunga Alhamisi, wala hakuna aliyethubutu kusema neno, ingawa tangu afike alikuwa akitafuna tambuu na midomo ilikuwa myekundu mpaka kidevuni. Mimi simshuku. Nasema tu kwamba nusu ya shamba lile ilikuwa fungu la ndugu yake aliyehamia Unguja, na sijapata kusikia kwamba nazi zilivuka maji kumfuata.

Aliyetuokoa ni Justus. Akakohoa, akasema kwamba yeye, kwa macho yake, amewahi kuona ngedere karibu na kisima. Ngedere! Tukaliita jina hilo kwa pamoja kama wanaoitikia amina. Ngedere wengi. Bibi Jumwa aliwaona jana. Kioko alisema kwao Machakos ngedere huangua mpaka minazi mitatu, na kwao Machakos hakuna mnazi hata mmoja. Nami niliongeza kwamba ngedere, akishakula, hupenda kutupa makumbi mahali pamoja. Bi Mwanabibi akatutazama mmoja mmoja, akajua, tukajua kwamba amejua, akasema basi ni ngedere.

Akamgeukia Katana. “Nyumba yako iwate pale pale. Na kwa kuwa katika hawa wote wewe peke yako una meno, kuanzia kesho utakuwa mkwezi wangu. Uzilinde nazi zangu na hao ngedere.”

“Ahsante, Bi,” Katana akasema. Nilingoja atutukane. Nilitamani atutukane, tuwe sawa. Alichukua jembe lake lililokuwa limeegemea ukuta, akaliweka ndani, akafunga mlango, na hapo ndipo nikasikia kicheko chake na cha watoto wake kupitia kwenye makuti. Sisi tukarudi makwetu kwa njia mbalimbali, ingawa njia ni moja.

Ungedhani jina lilikufa siku ile. Wiki haikwisha nikamsikia mtu kisimani akisema, “Muulize Katana Ngome.” Na aliyesema ni Bibi Jumwa, mwenye tumbo. Tulikuwa tumekutwa na hatia watu arobaini kasoro mmoja, na jina la mfungwa likabaki kwa yule mmoja, kwa sababu sisi wengine hatukuwa na mahali pa kulibandika. Mtu hajiiti mwizi akiwa na kigoda cha kukalia na jirani wa kumsema. Hilo nimelifikiri miaka mingi na sijalipatia dawa.

Lakini si hilo ninalolikumbuka zaidi. Ni asubuhi iliyofuata kiraho, Ijumaa ile iliyokuwa siku ya kuvunja nyumba. Kafedha alipiga hodi kwangu. Nikamkaribisha, hakuketi.

“Kaka, niazime mbuzi yako ya kukunia.”

“Yako imevunjika?”

“Imeota kutu.”

Nikacheka. Nikamwuliza mbuzi ya kukunia nazi itaotaje kutu katika nyumba ya mwanamke wa pwani. Agneta alikuwa akifagia, akaacha.

“Tangu mume wangu atoke Ngomeni sijakuna nazi,” Kafedha akasema. “Hata ya kununua dukani. Sauti ya mbuzi yasikika mbali, na kifuu hakifichiki. Ningekuna nazi moja mngesema mmeniona. Watoto wakiniuliza mbona mchicha wa kwa mjomba ni mweupe na mtamu, mimi huwaambia mjomba hutia maziwa.”

Miaka mitatu. Chini ya minazi ile, wapwa zangu walikuwa wakila mchicha wa maji na chumvi, na mimi, niliyekuwa nikiwatupia makumbi yangu jaani mwao, nilikuwa nikiwaambia watu kwamba dada yangu hajui kupika, amekuwa mtu wa bara. Niliona haya mpaka nikakosa mahali pa kuweka mikono. Nikaingia ndani nikamletea mbuzi.

Hakuondoka nayo. Aliikunjua hapo hapo kizingitini kwangu, njia yote inaona, akaikalia, akatoa nazi aliyokuwa ameifunga kwenye kanga, akaipasua kwa panga pigo moja, maji yakamwagika mchangani. Akaanza kukuna kwa nguvu, krrr, krrr, mpaka watu wakachungulia madirishani.

Nami nilikuwa nimefungua kinywa. Baada ya papai, baada ya jino langu lililohama, baada ya kuyasikia yote hayo, neno lililonijia kwenye ulimi, lenyewe, kwa mazoea tu, lilikuwa kumwuliza nazi ile ameitoa wapi.

Kafedha akainua uso kabla sijalitoa.

“Uliza, kaka,” akasema, na mikono haikuacha kukuna.